Nyota Zenu Zinapatana?

Leo, wasikilizaji wangu, nazungumza na wale wanaotaka kuoana, na nazungumza na wazazi wao pia. Tutazungumzia nyota za watu wawili: pale inapochukuliwa nyota ya mwanamume na nyota ya mwanamke, zikawekwa pamoja, kisha likaulizwa swali, je, hawa wanapatana?

Swali hili mnalijua. Posa imeletwa, mshenga ameshaondoka, na kabla jibu halijatolewa shangazi mmoja anasema kwa sauti ya chini, jamani, tuangalie nyota kwanza. Linaandikwa jina la kijana na la mama yake. Linaandikwa jina la binti na la mama yake. Karatasi inapelekwa kwa mtu wa falaki. Siku hizi ipo njia nyingine: kijana anafungua programu kwenye simu, anaingiza tarehe mbili za kuzaliwa, na papo hapo anapewa asilimia. Njia zimebadilika, lakini wasiwasi ni uleule. Tunataka kujua mambo ya kesho kabla hatujaweka nadhiri.

Nitasema mambo matatu. Kwanza, nyota za watu wawili husomwa vipi? Pili, je, usomaji huo unaweza kutabiri ndoa? Tatu, na hili ndilo hasa lililonileta hapa leo, tufanye nini na maswali yaliyomo ndani ya usomaji huo? Naomba mshike sentensi moja tangu sasa, maana nitairudia: chukua maswali, hukumu iache.

Haya, tuanze na la kwanza.

Chati ya nyota ni picha ya anga kwa dakika aliyozaliwa mtu. Huchorwa duara, likagawanywa sehemu 12 kwa zile nyota tunazozijua: Punda, ambayo wengine huiita Kondoo, kisha Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Ndani ya duara huwekwa Jua, Mwezi na sayari, kila moja mahali ilipokuwa wakati ule: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Kisha duara hilohilo hugawanywa tena katika nyumba 12. Kuna nyumba ya mali, kuna ya wazazi na makazi, kuna ya watoto. Nyumba ya saba ndiyo ya ndoa.

Nyumba hizo huhesabiwa kuanzia nyota iliyokuwa ikichomoza upande wa mashariki dakika ile mtoto anazaliwa, na nyota hiyo hubadilika takriban kila baada ya saa mbili. Kwa hiyo saa ya kuzaliwa ina uzito mkubwa. Sasa fikiria, msikilizaji. Mama anakwambia, mwanangu, nilikuzaa saa mbili usiku. Wewe unaandika mbili kwenye programu iliyotengenezwa kwa saa za kizungu. Programu inaelewa saa nane za usiku wa manane. Nyumba zote zimehama, ile ya ndoa ikiwemo, na hata Mwezi umesogea. Na wangapi kati yetu tuna tarehe iliyokadiriwa tu ili tuandikishwe shule? Wangapi wazazi wao wanakumbuka kwamba ulikuwa msimu wa mvua, au mwaka wa njaa, basi? Chati ya mtu kama huyo huchorwa kwa kubahatisha tangu mstari wa kwanza.

Lakini tuseme saa na tarehe ni sahihi. Watu wawili husomwaje pamoja?

Njia ya zamani zaidi ni kuweka duara la mmoja ndani na duara la mwenzake nje, kisha kutazama pembe. Ptolemy, mwanachuoni wa Alexandria kule Misri, aliandika habari hizi takriban miaka 1,900 iliyopita. Alisema ndoa hudumu pale Jua na Mwezi wa mke na mume vinapokaa kwa kupatana. Wasomaji wa leo bado wanaifuata kanuni hiyo. Sayari ya huyu ikiwa mbali na ya yule kwa theluthi ya duara, husemwa ni urafiki. Ikiwa mbali kwa robo ya duara, husemwa ni mvutano. Zikitazamana uso kwa uso, husemwa watu hao watapendana na kusukumana kwa wakati mmoja.

Na kila kitu kina kazi yake. Mwezi ni hisia na mazoea ya nyumbani. Zuhura ni mapenzi na mambo yanayompendeza mtu. Mirihi ni hamu, nguvu na hasira. Zohali ni wajibu, mipaka na subira. Basi Zohali ya mume ikikaa juu ya Mwezi wa mke, msomaji atasema mke huyu atajihisi anabanwa na kukosolewa. Msomaji mwingine, kwa alama hiyohiyo, atasema mke huyu atajihisi analindwa na ana pa kuegemea. Alama ni moja, maana ni mbili.

Njia ya pili ni changa, ilienea huko Marekani miaka ya 1970. Badala ya kulinganisha chati mbili, hutengenezwa chati moja ya uhusiano wenyewe. Huchukuliwa Jua la huyu na Jua la yule, ikatafutwa nukta ya katikati. Mwezi vivyo hivyo, na sayari zote vivyo hivyo. Mwandishi Robert Hand alitoa kitabu kuhusu njia hiyo mwaka 1975, na hadi leo wasomaji wengi wanakitumia. Wanaoifuata husema hii ndiyo chati ya ndoa yenyewe, si ya mume wala ya mke.

Njia ya tatu ni ya Kihindi, na ndugu zetu Wahindu wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam wanaijua vizuri. Hapo huangaliwa zaidi mahali ulipokuwa Mwezi. Vipo vipengele 8, na vyote pamoja vina alama 36. Wachumba wakipata chini ya 18, wazazi husita. Kipengele chenye alama nyingi kuliko vyote huitwa nadi, kina alama 8, na kwa mapokeo yao kinahusishwa na afya ya mke na mume na ya watoto watakaozaliwa. Nadi, wasikilizaji. Neno hilo lishikeni pia, nitalirudia.

Na njia ya nne ni ile ya pwani yetu, ya hesabu ya majina. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake. Hujumlishwa jina la mtu na jina la mama yake, kisha ikatolewa 12, na 12 tena, mpaka ibaki namba isiyozidi 12. Kinachobaki ndicho nyota. Halafu nyota nazo ni za moto, za udongo, za upepo na za maji, na husemwa moto na maji havikai nyumba moja.

Hizo ndizo njia nne. Sasa njooni tuzijaribu kwa mtu mmoja wa mfano.

Tuchukue kijana, jina lake Ali, mama yake Maryamu, alizaliwa tarehe 5 Aprili. Kwa hesabu ya majina, Ali ni 110, Maryamu ni 290, jumla 400. Toa 12 mpaka usiweze kutoa tena, inabaki 4. Nyota ya nne ni Kaa, nyota ya maji. Sasa mtazame kwa tarehe, kama wafanyavyo wanajimu wa Ulaya na wa magazetini: Jua lake liko kwenye Punda, nyota ya moto. Mpeleke kwa mnajimu wa Kihindi, ambaye duara lake halianzii mahali pale linapoanzia la Ulaya, atakwambia Jua la kijana huyu liko kwenye Samaki. Maji tena.

Ali ni mmoja. Kwa huyu ni Kaa, kwa huyu ni Punda, kwa huyu ni Samaki. Kama binti anayemposa ana nyota ya moto, mtu wa kwanza atasema msioane, wa pili atasema oaneni haraka. Sasa niambie, msikilizaji, binti huyu ararue barua ya posa kwa neno la nani?

Hapo tumeingia jambo la pili. Je, usomaji huu unatabiri ndoa?

Swali hili limepimwa. Mwaka 2007, mtafiti David Voas wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, alitumia takwimu za sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2001. Aliangalia ndoa zipatazo milioni 10. Alitaka kujua kama watu wa nyota fulani huoana na wa nyota fulani kuliko ambavyo ingetokea kwa bahati tu. Kama kweli Simba na Mizani wanavutana, au Kaa na Punda wanakimbiana, katika ndoa milioni 10 ingeonekana, hata kidogo. Haikuonekana. Kulikuwa na ziada ndogo ya wanandoa wenye nyota moja, lakini alipochunguza aliona inatokana na makosa ya kujaza fomu, pale mtu mmoja anapojaza kwa niaba ya wote wawili na kumwandikia mwenzake tarehe yake mwenyewe. Nyota hazikuwa zimechagua mume wala mke wa mtu yeyote.

Mtasema, lakini bwana, mimi nilisomewa, na kila neno lilinigusa! Nakuamini. Na sababu yake inajulikana. Mwaka 1948, mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake jaribio la tabia, kisha akampa kila mmoja maelezo ya nafsi yake. Akawaomba wayape alama, kuanzia sifuri hadi tano. Wastani ulipita nne. Wanafunzi walikiri kwamba wameelezwa barabara. Kumbe wote walipewa maelezo yaleyale, na sehemu kubwa yalitoka katika kitabu cha nyota cha kuuzwa mitaani. Maneno kama, una uwezo ambao hujautumia, au, wakati mwingine unajitilia shaka. Nani asiyejiona humo? Sasa wasomee wachumba wawili, mmoja ni mwepesi wa hasira, mwingine hukaa kimya akiumia. Ni nyumba gani ya mke na mume isiyojiona humo?

Nikumbushe pia jambo ambalo masheikh na wachungaji wengi wamelisema mara nyingi, kwamba kutafuta mambo ya ghaibu kwa wapiga bao na wasoma nyota hakufai. Kwa mwenye kufuata imani yake, hilo peke yake linamtosha.

Na kuna watu nataka niwaonye waziwazi. Ukienda mahali ukaambiwa nyota yako imefungwa, au imechukuliwa na mtu, na kwamba ndoa haitakuja mpaka uisafishe kwa kiasi fulani cha pesa, simama uondoke. Mtu huyo hasomi anga. Anasoma hofu yako. Na akishaona hofu imelipa mara moja, atairudia mara ya pili na ya tatu. Dada yangu uliyechelewa kuolewa, huna kitu kilichofungwa. Usiuze pete ya marehemu mama yako kwa ajili ya kusafishwa.

Basi, nimesema usomaji wa nyota hautabiri ndoa. Je, ndiyo mwisho wa mazungumzo? Hapana. Hili ni jambo la tatu, na nakuomba ukae karibu na redio.

Wazee walioanzisha desturi hii walikuwa na wasiwasi, na wasiwasi wao ulikuwa wa kweli. Tazama waliyokuwa wakiyauliza. Tabia zao zitachukuana? Mali itakwendaje? Wataishi wapi, na wazazi watakuwa na nafasi gani? Watoto watazaliwa wakiwa wazima? Haya ndiyo mambo yanayovunja ndoa hadi leo. Maswali yalikuwa sahihi. Jibu ndilo lilitafutwa mbali, kwenye anga, ilhali lilikuwa karibu, kwa watu wenyewe. Ndiyo maana nasema, chukua maswali, hukumu iache.

Tuyachukue moja baada ya jingine.

Mwezi. Wasomaji wanasema ni hisia na nyumbani. Basi muulize mwenzako: ukikasirika au ukihuzunika, unataka kuachwa peke yako, au unataka kukaliwa karibu? Wapo wanandoa wanaogombana miaka mingi kwa sababu tu mmoja hunyamaza ili apoe, na mwenzake hudhani amedharauliwa. Jambo hilo lingesemwa mapema, lingewaokoa.

Zuhura. Muulize: unajuaje kwamba unapendwa? Kuna anayejua kwa maneno, kuna anayejua kwa kuona umebeba ndoo ya maji kabla hajaomba. Muulize pia anapenda kutumia pesa kwa nini.

Mirihi. Hasira. Hapa, binti yangu, usiulize tu, tazama. Tazama anavyosema na mhudumu wa mkahawa aliyekosea. Tazama anavyomfanyia mdogo wake akiwa hana la kuogopa. Na wewe kijana, tazama vivyo hivyo. Kama mkono wake umewahi kukugusa kwa hasira kabla ya ndoa, hata alama zenu zikiwa 36 kwa 36, jibu umeshalipata.

Zohali. Wajibu. Una madeni? Unamsomesha nani? Kila mwisho wa mwezi, nyumbani kwenu wanategemea nini kutoka kwako? Wengi wetu huoa au huolewa bila kuyajua haya, halafu mwezi wa tatu wa ndoa simu inalia, karo ya mdogo wake inatakiwa, na ugomvi unaanza. Kumsaidia ndugu si kosa. Kosa ni kuficha.

Nyumba ya wazazi na makazi. Tutapanga au tutakaa kwenu? Mama mkwe akiugua, ataletwa kwetu? Kazi ikihamia mji mwingine, nani atamfuata mwenzake?

Na sasa nadi. Niliwaomba mshike neno hilo. Wahindu wa kale waliipa alama nyingi kuliko kipengele kingine chochote, kwa sababu walihofia afya ya watoto. Hofu hiyo ni yetu pia. Lakini sisi leo tuna kitu ambacho wao hawakuwa nacho, nacho ni tone la damu.

Nazungumzia selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu. Upo Uganda, upo Kongo, upo Kenya, hasa maeneo ya Pwani na ya Ziwa Victoria. Mtu anaweza kubeba kinasaba chake akawa mzima kabisa, anacheza mpira, haumwi kitu. Akioana na mwingine anayekibeba, kila mimba wanayoipata ina nafasi moja kati ya nne ya kumleta mtoto mwenye selimundu: mtoto wa maumivu ya mifupa, wa kuongezewa damu, wa kulazwa mara kwa mara. Nafasi moja kati ya nne, kila mimba. Si kwamba akizaliwa mmoja basi waliobaki wamesalimika. Hapana, kila mimba huanza upya.

Jambo hili halimo kwenye jina la mama yako. Halimo kwenye tarehe yako. Limo kwenye damu yako, na damu inapimwa.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu sitaki tutoke kwenye hukumu moja tuingie nyingine. Kipimo hakiji kuwatenganisha. Kuna wanaojua kwamba wote wawili wanabeba kinasaba na bado wanaoana, wakiwa wamepata ushauri, wanajua watoto wao wapimwe mapema na watunzwe vipi. Kuna wanaoamua vinginevyo. Uamuzi ni wao. Lakini wanaamua wakijua, na wanaamua pamoja. Na mkienda kupima selimundu, pimeni na VVU siku hiyohiyo, mjue pia makundi yenu ya damu.

Wazazi, sasa nasema na ninyi. Najua mnapopeleka majina kwa mtu wa falaki, hamfanyi kwa ubaya. Mnamtakia mtoto mema. Lakini mnapomrudishia binti jibu kwamba nyota zimekataa, mnamwachia mzigo asioweza kuujadili. Hawezi kubishana na anga. Mkimwambia badala yake, mwanangu, tunaogopa hasira za kijana huyu, tulimwona siku ile alivyomjibu baba yake, hapo mmempa jambo la kulifikiria. Anaweza kuuliza, anaweza kuchunguza, na kijana mwenyewe anaweza kujieleza au kujirekebisha. Semeni hofu yenu kwa jina lake.

Na ninyi wachumba, nawapa kazi ya wiki hii. Kila mmoja achukue karatasi yake. Andikeni majibu ya maswali matano: nikikasirika hufanya nini, pesa yangu inakwenda wapi, nani ananitegemea, nataka kuishi wapi, na nataka nini kuhusu watoto. Msisaidiane. Kisha kaeni jioni moja, msomeane. Mtakapoona mmetofautiana, msiogope. Tofauti mliyoijua kabla ya harusi mnaweza kuizungumza mkiwa mnacheka. Tofauti ileile, mkiikuta baada ya harusi na wageni wameshaondoka, huzungumzwa kwa machozi.

Kwa hiyo nirudie kabla sijaaga. Nyota za wawili husomwa kwa njia nyingi, na njia hizo hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe. Nyota za tarehe za kuzaliwa zilipopimwa katika ndoa milioni 10, hazikuonyesha nani ataoana na nani. Lakini maswali yaliyozizunguka ni maswali ya kweli, na majibu yake mnayo ninyi wawili, pamoja na mtaalamu wa maabara wa kituo cha afya kilicho karibu nanyi.

Chukueni maswali. Hukumu iacheni. Mkapime, mkazungumze, kisha mshenga apewe jibu lake.

Kwaherini wasikilizaji wangu, na Mungu awajaalie ndoa zenye mazungumzo.